Foleni Iliyoishia Mezani Pangu

Mkuu wa ofisi aliponipa barua ya kustaafu aliniomba pia niandike ukurasa mmoja wa kukabidhi kazi, ili ninyi vijana wa masjala na kompyuta mjue nimeacha nini na nimekiacha wapi. Ukurasa huo nimeuandika. Umetosha kwa nywila, funguo za chumba cha mitambo na jina la fundi wa jenereta. Haya mengine hayakuingia, na kwa kuwa sasa sina bosi wa kunikatiza, nitayaandika kwa urefu wake.

Nilianza kazi katika hospitali hii ya misheni hapa Thika nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka Makongeni kwa miguu asubuhi ile, nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyonizidi namba moja, nikidhani karani wa masjala ni mtu wa kuandika. Kumbe ni mtu wa kutafuta. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, faili za kahawia, na ngazi ya mbao iliyokosa kidato cha tatu. Mwenye chumba alikuwa Mama Muthoni, mwanamke mfupi aliyechomeka penseli kwenye nywele zake kila siku ya kazi, na ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

Saa nne daktari alituma nipeleke faili ya mtoto aitwaye Mwangi Kamau. Nilirudi na faili kumi na moja, nikiwa na furaha kwamba nimezipata zote. Mama Muthoni alizipanga mezani kama karata.

"Umempelekea daktari watoto kumi na mmoja," akasema. "Atibu yupi?"

Akaniketisha akanieleza jambo nililozaliwa nalo lakini sikuwahi kuliona kuwa tatizo la ofisi. Huku kwetu mtoto hachaguliwi jina, anapewa la mtu. Mwana wa kwanza ni jina la babu upande wa baba, binti wa kwanza ni jina la nyanya upande huo huo, kisha unahamia upande wa mama. Ndugu watano wakioa, mzee mmoja anapata wajukuu watano wenye jina lake, na mara nyingi hata jina la ubatizo ni lake. Wote wanaishi boma moja, na wote wanaletwa kliniki siku moja kwa sababu gari limepatikana.

"Jina halitoshi hapa, Gachanja," akasema. "Uliza ni mtoto wa nani. Halafu uliza ni wa ngapi."

Majibu ya maswali hayo aliyaandika kwa penseli kwenye kona ya faili, kwa herufi ndogo mno. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kupanda ngazi ile, nikiruka kidato cha tatu, na kushuka na mtoto sahihi. Sijajivunia kitu kingine kama hicho tangu wakati huo, ingawa baadaye nilijivunia vingine visivyostahili kama hicho.

Kompyuta zilipokuja, hospitali ililetewa programu ya kununua. Ilikuwa nzuri sana kwa watu wenye majina tofauti tofauti. Katika mwezi wa kwanza iliunganisha faili za binamu wanne ikawafanya kuwa mtoto mmoja mwenye uzito wa kubadilika kila wiki. Nilikuwa nimeanza kusoma mambo ya kompyuta jioni, na ni katika kusoma huko nilipokutana na Daktari Wachira, mhadhiri wa chuo kikuu kule Juja, aliyekuwa akiandika programu yake ya faili za wagonjwa. Aliiita Kabati. Watu wa Kabati, ule mji, wasidai chochote, yeye alimaanisha kabati la kuwekea faili.

Kabati ilikuwa programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake ya ndani, yale tunayoyaita msimbo, yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Zahanati ndogo isiyo na uwezo ingeichukua kama hospitali kubwa. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kilinganishi, yaani ile sehemu inayotazama faili mbili na kuamua kama ni za mtu mmoja. Mama Muthoni alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alivuta kiti akakaa kando yangu kwa wiki tatu, penseli kichwani, akinisomesha nami nikiandika. Kama majina ni sawa, na simu ni moja, na siku za kuzaliwa zinakaribiana, tazama jina la baba. Baba akiwa tofauti, watoto ni tofauti. Baba akiwa mmoja, uliza ni wa ngapi. Alifikiria kila kitu, hata makarani wanaokosea tarehe kwa siku tano au sita. Swali moja hakuniuliza, nami sikujiuliza, kwa sababu sote wawili tulikuwa watu wa kanisa na tuliamini fomu hujazwa mpaka mwisho.

Kilinganishi kilifanya kazi. Zahanati za Juja zikaichukua Kabati, kisha Ruiru, kisha za kaunti ambazo sijawahi kukanyaga. Wakati huo tulikuwa watu watatu tulioshika funguo za mradi: Daktari Wachira, dada mmoja wa Kisumu aliyejua mambo ya hifadhi ya data kuliko sisi sote, na mimi. Desturi yetu ilikuwa hivi. Mtu yeyote duniani aliruhusiwa kutuma rekebisho, lakini halikuingia kwenye Kabati mpaka mmoja wa wenye funguo alisome na kulikubali. Yale yanayongoja yalikaa kwenye foleni. Kila Jumatatu tuligawana foleni, watu watatu, na kufikia Jumatano ilikuwa imekwisha.

Halafu Daktari Wachira akapata nafasi ya kufundisha ng'ambo, akasema ataendelea kutoka huko, na kweli aliendelea kwa miezi minne. Dada wa Kisumu alibadilisha kazi na mwajiri mpya hakumwachia pumzi. Hakuna kikao kilichofanyika, hakuna aliyeamua. Siku moja nilifungua foleni nikaona majina ya waliosoma na kukubali kwa mwaka mzima uliopita, na yote yalikuwa jina langu.

Mtadhani niliogopa. Nilifurahi. Nisipoandika hivyo nitakuwa nawadanganya. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye harusi, nikiwa kwa daktari wa meno, nikiwa nimeshika sahani ya sadaka. Zahanati moja ilipotimiza miaka kumi walichinja mbuzi, wakaniita mbele, wakanipa kipande anachopewa mzee, mchungaji akaomba nipewe maisha marefu. Mke wangu, Mama Nyokabi, alinong'ona tukiwa tumeketi, "Wanakuombea usife kwa sababu ukifa wamekwisha." Nilidhani ananisifu. Kati ya watu wote waliokula mbuzi yule, hakuna aliyeuliza nani atasoma foleni mimi nikiugua wiki mbili.

Foleni nayo ilianza kurefuka. Nilikuwa na kazi ya hospitali mchana, na Kabati niliisoma asubuhi kabla ya chai, kwenye kompyuta ya mkononi iliyofutika herufi za A na E. Niliwaambia watu wavumilie. Ukweli ni kwamba nilikuwa na namna ya kuchagua. Rekebisho lililogusa rangi za skrini nililipitisha haraka. Lililogusa kilinganishi nililiweka chini, kwa sababu kilinganishi kilikuwa changu na cha Mama Muthoni, ambaye wakati huo tulikuwa tumeshamzika.

Ndipo akaja Mercy Nduta. Alikuwa amemaliza chuo Juja akaajiriwa na kliniki ndogo ya Mwihoko, kule ambako nyumba za kupanga zimebanana na kila mlango wa chini ni duka. Alituma rekebisho pamoja na maelezo marefu, yaliyoandikwa kwa adabu. Alisema kwamba kilinganishi, kikikuta nafasi ya baba iko tupu kwenye faili zote mbili, kinahesabu kuwa zinafanana, na hivyo kinaunganisha watoto wasiohusiana kwa baba. Alipendekeza nafasi zikiwa tupu programu isiunganishe, ila iulize jina la mama na imwachie karani aamue. Ilikuwa mistari kumi na minne. Alikuwa amebadilisha kile hasa alichonisomesha Mama Muthoni kwa mdomo wake.

Nilimjibu asome kanuni za mradi za kupanga mistari. Akasoma, akapanga upya, akatuma tena siku hiyo hiyo. Nikakaa kimya wiki tatu. Akanipigia simu, namba yangu ilijulikana na kila mtu.

"Mzee, samahani kukusumbua. Si kubishana," akasema. "Ni vile hapa kwetu Mwihoko nusu ya watoto hiyo nafasi ya baba iko empty. Na hiyo kitu inasoma empty na empty ni kama mtu mmoja."

Nikamwambia nitaangalia. Kisha nikaketi nikaandika chini ya rekebisho lake, mahali ambapo dunia nzima ingesoma, kwamba tatizo ni uvivu wa makarani na si la programu. Nikamalizia kwa sentensi hii: Kila mtoto ana baba. Sikuandika kwa hasira. Niliandika nikiwa nimetulia kabisa, nikanywa chai yangu. Nduta hakujibu, na rekebisho lake likabaki kwenye foleni wiki ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na moja.

Katika wiki hiyo ya kumi na moja mtoto wa miaka minne alipelekwa zahanati moja pembeni ya Ruiru, ambayo sitaitaja kwa sababu haikukosa kitu. Alikuwa na homa na koo limevimba. Muuguzi alifungua faili yake kwenye Kabati, akatazama pale panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa, akakuta pameandikwa hakuna. Akamdunga penisilini. Kabla mtoto hajafika mlangoni uso ulikuwa umevimba na pumzi imeanza kukwama. Muuguzi yule alikuwa mwepesi, dawa ya kuokoa alikuwa nayo karibu, na mtoto akaletwa kwetu Thika akiwa hai.

Simu ilinifikia kama zilivyonifikia zote. Niliambiwa kuna faili ina historia ya ajabu, nitazame. Nilitazama. Ilikuwa imetengenezwa kwa faili mbili za Teresia Wanjiku Karanja wawili, waliozaliwa wakipishana siku tano, simu moja, mlezi mmoja, na nafasi ya baba tupu kwa wote wawili. Mmoja alikuwa ameandikwa tangu akiwa mchanga kwamba penisilini inamdhuru. Mwingine alikuwa ameandikwa, juzi tu, kwamba hana dawa inayomdhuru. Kilinganishi kiliwafanya mmoja na kikachukua habari iliyoandikwa karibuni zaidi, kama nilivyokiamuru. Sikuhitaji kutafuta kosa liko mstari wa ngapi. Nduta alikuwa ameniandikia namba ya mstari.

Nilipanda wodi ya watoto. Mtoto alikuwa amelala na mpira wa hewa puani. Kando yake alikuwa nyanya yake, mwanamke wa umri wangu hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, anamkanda mtoto mguu kwa kidole gumba. Nikamsalimu, nikamwuliza mtoto ni wa nani. Mazoea ya kazi hayafi.

"Ni wa msichana wangu," akasema. "Wasichana wangu wawili walizalia nyumbani, wiki moja. Hawakuolewa. Kwa hivyo wote wawili waliita watoto jina langu, na wakachukua Karanja ya guka yao, mzee wangu. Tuko Teresia Wanjiku watatu kwa hiyo nyumba. Tunawaita Mkubwa na Mdogo, na mimi Cucu."

Huku kwetu ndivyo ilivyo. Binti asiyeolewa hana upande wa mume wa kutoa majina, basi wazazi wake mwenyewe ndio wanaozaliwa upya. Nililijua jambo hilo tangu utotoni. Nina binamu watatu wa namna hiyo.

"Hukuwaambia kuhusu sindano?" nikamwuliza, na mpaka leo naona aibu kwamba nililiuliza swali hilo.

"Niliambia wauguzi wa kwanza, mtoto akiwa mchanga, wakaandika. Wakatuambia vitu zote sasa ziko kwa kompyuta, tuwache kubeba makaratasi. Mimi najua imeandikwa. Si ndio maana mnaandika?"

Ningeweza kushuka ngazi. Hakuna mtu wodini aliyejua mimi ni nani zaidi ya mzee wa masjala. Nilivuta kiti nikamwambia kwamba sehemu ya programu iliyokosea niliiandika mimi, kwamba msichana mmoja wa Mwihoko aliliona kosa akalitengeneza, na kwamba kazi yake ilikuwa mezani kwangu karibu miezi mitatu. Alinisikiliza bila kuacha kumkanda mtoto.

"Ulichelewa kwa sababu ulisahau," akasema, "ama ulikataa?"

"Nilikataa."

Aliuacha mguu, akamfunika mtoto shuka. Nilitamani anitukane.

"Basi mimi usiniambie pole," akasema mwishowe. "Enda umwambie huyo aliyekuambia."

Nilishuka masjala, nikaketi, nikalia mbele ya kompyuta na mlango uko wazi. Kisha nikafungua foleni nikasoma mistari kumi na minne ya Nduta. Ilinichukua dakika sita. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Niliikubali saa nane na robo mchana, na zahanati zote zikaanza kuipokea alasiri hiyo. Wanjiku Mdogo alikaa kwetu siku tatu akaruhusiwa kwenda nyumbani. Faili yake na ya Mkubwa nilizitenganisha mimi mwenyewe kwa mkono.

Jumamosi nilikwenda Mwihoko. Nduta alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, na alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti, akaagiza chai, mambo yaliyoniumiza zaidi. Tuliketi kwenye benchi la wagonjwa kwa sababu kliniki ilikuwa imefungwa. Nikamwambia pole kwa kumngojesha.

"Hiyo ya kungoja nilikuwa nimezoea," akasema. "Ni ile ingine ndio ilinitoa."

"Ile ya baba."

"Mimi nililelewa na mum na cucu. Kadi yangu ya kliniki iko bado. Pale kwa baba karani alipiga laini tu. Nikaona umeandika vile, na watu wote wanasoma, nikasema sawa. Huyu hataki tuwe ndani."

Sikujitetea. Baada ya chai ya pili nikamwomba arudi kwenye mradi, anisaidie.

"Kukusaidia, hapana," akasema. "Tukirudi, tunarudi watu wanne. Najua hata wengine watatu, wote walichoka kungoja kama mimi. Kila badiliko linasomwa na wawili kati ya hao wanne, wowote. Na mzee, usikasirike. Wewe usiwe kati ya wanne."

"Lakini mimi ndiye ninayejua kilinganishi."

"Ndio maana. Ukiwa ndani kila mtu atangoja kusikia wewe unasema nini. Hata mimi nitangoja. Tumezoea hivyo."

Nilikasirika. Nilirudi Thika nikiwa nimeuma meno, na kwa wiki mbili nilimtungia majibu makali ambayo bahati nzuri sikuyatuma. Nyumbani nililalamikia mtoto ambaye mimi nimemlea miaka yote hiyo, nikimaanisha programu, na hapo Mama Nyokabi akaniuliza ni mtoto yupi hasa aliyekuwa wodini. Nikajaribu ujanja. Nikamwandikia Nduta kwamba niwe wa tano, mshauri tu, mwenye funguo za dharura. Alijibu kwa neno moja, hapana, bila nukta.

Kilichonivunja hakikuwa neno hilo. Nilikuwa nimeamua kuandika maelezo ya kilinganishi, kurasa chache, ili kumwonyesha jinsi kilivyo kigumu na jinsi ninavyohitajika. Niliyaandika vizuri mpaka nikafika mstari mmoja katikati, hesabu ya kugawanya kwa saba. Nikautazama asubuhi nzima. Niliuandika mimi, jina langu liko pale, na sikujua tena kwa nini saba. Mtu pekee duniani aliyekielewa kilinganishi hakukielewa. Zahanati zote zile zilikuwa zimeniegemea, na mimi nilikuwa nimeegemea kumbukumbu iliyokwisha kuondoka bila kuniaga.

Nilimpigia Nduta nikamwambia nakubali, nipewe miezi sita ya kufundisha. Tulikutana Jumamosi katika chumba cha kukodi Juja, orofa ya kwanza, juu ya duka la kunakili karatasi. Nilisoma msimbo kwa sauti, mstari kwa mstari, na kazi yao ilikuwa kunikatiza. Sikuwahi kukatizwa vile maishani. Kwa nini hapa? Kwa nini si hivi? Nusu ya mara nilijua jibu. Robo nilikumbuka njiani nikirudi nyumbani. Iliyobaki waliandika tena upya, nami nilikaa nikitazama wakifuta. Ile saba waliiondoa siku ya pili na hakuna kilichoharibika.

Siku ya mwisho walinipa kompyuta nifanye mwenyewe. Ukitaka kujiondolea funguo, mtambo haukubali kirahisi, unakutaka uandike jina la mradi kwa vidole vyako kuthibitisha. Nikaandika Kabati. Nilikosea mara ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Nikaandika tena, na jina langu likatoka kwenye orodha, yakabaki manne.

Ninyi mnaobaki masjala mtaambiwa na wakubwa kwamba ninyi ni nguzo, kwamba bila ninyi kazi haiendi. Mkiambiwa hivyo, msishukuru haraka. Ulizeni ni nani mwingine anayejua mnachojua, na kama hakuna, anzeni Jumamosi hiyo hiyo. Mtu akileta kazi iliyogusa mlichokipenda, isomeni kwanza kabla ya zote. Na fomu ikiwa na nafasi tupu, msidhani mnajua iliachwa na nani na kwa sababu gani.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilikuwa nyumbani Makongeni nachambua maharagwe, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa zahanati moja ya Ruiru ninayemfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa uuguzi.

"Baba Nyokabi, Kabati imekataa kufungua faili za watoto tangu asubuhi. Watu wamejaa hapa nje."

Nilihisi mahali pa kutazama hata kabla hajamaliza. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kusukuma sinia la maharagwe kando.

"Piga ile namba ya dawati la mradi," nikamwambia. "Mimi sina funguo."

"Lakini unajua."

"Nilijua. Wamebadilisha. Piga ile namba."

"Kwani tumekukosea?" akauliza.

Nikamwambia hapana, hamjanikosea. Akakata simu bila kuniaga. Nilikaa na ile simu mapajani. Sikumpigia Nduta. Niliwaza akina mama waliosimama nje na watoto mgongoni, nikatazama saa, nikachambua maharagwe yale yale mara mbili.

Haikufika saa nzima akapiga tena, sauti imelegea, nyuma yake nikisikia watoto wanalia kama kawaida. Akasema imefunguka, wameanza kuhudumia. Nikamwuliza ni Nduta aliyetengeneza.

"Hapana. Ni mtu anaitwa Chebet. Wengine wawili wakaisoma wakaipitisha, wakamaliza."

Nikamwomba alirudie jina. Chebet, akasema, yuko upande wa Kapsabet, hajawahi kufika huku. Simjui. Naye, nilipoulizia baadaye, hakuwa amewahi kunisikia.